Nyumba ya Mlango Mmoja

Nyumba yangu ya Mbeya ina milango mitatu ya nje, na fundi aliyeijenga alinicheka. "Mzee, hii unajenga nyumba au stendi ya mabasi?" Nikamwambia wewe panga tofali, mimi najua ninachojenga. Mlango wa mbele ni wangu na wageni wangu. Wa ubavuni ni wa yeyote. Wa nyuma, unaotokea jikoni na uani, nilimjengea mtu ambaye wakati ule nilikuwa hata simjui: mke wa mwanangu, siku mwanangu atakapooa.

Kwetu Unyakyusani mkamwana na baba mkwe wake hawaonani uso. Hawakai chumba kimoja, hawapeani mikono, hawapishani kwenye korido. Yeye akisikia kikohozi changu anakata kona. Mimi nikisikia kandambili zake nageuka. Siyo chuki. Ni heshima, tena nzito kuliko hiyo ya kupiga magoti. Mama yangu mzazi alikuwa akikutana njiani na baba wa mume wake anaingia migombani na mzigo wake kichwani, anasimama humo mpaka mzee amalize kupiga soga na wenzake aende zake. Mvua inanyesha, yeye yumo. Nimemwona kwa macho yangu, nilikuwa mtoto nimeshika kanga yake.

Najua wengi wameacha. Wachungaji wamesema, vijana wamesema. Mimi sijaacha. Shule niliishia darasa la nne, nikaenda Makongolosi kuchimba dhahabu, nikashuka maduara, yale mashimo ya machimbo, ambayo wenye vyeti wangeyachungulia tu wakimbie. Nilipopata, nikanunua mashine ya kusagia mawe, nikajenga. Cheti sina hata kimoja. Lakini heshima ya kwetu niliisoma mpaka mwisho, na hakuna wa kunifundisha upya.

Kwa hiyo mtu aelewe nilikuwa nimesimama wapi siku mwanangu alipokuja sebuleni akasema tunakwenda Ulaya.

"Safari ya familia, baba. Mimi na mke wangu, wewe na mama. Tunaanzia Roma, tunapanda Viena, Praha, tunamalizia Ujerumani. Hakuna kampuni ya utalii, hakuna mtu wa kutuburuza na kibendera. Tunapanga wenyewe. Treni wenyewe, nyumba za kulala wenyewe."

"Na wajukuu?"

"Wanabaki Iringa kwa bibi yao."

Mkamwana wangu ni Mhehe, kwao Iringa. Nikamwangalia mke wangu. Alikuwa kwenye kochi, mikono ameikutanisha kama mtu anayeombewa. Bibi yake alikuwa mpishi wa wamisionari wa Kijerumani kule Rungwe, na wale Wajerumani walimsimulia juu ya mji wao mdogo. Kwamba una kilima cha makaburi, na mawe ya makaburi yote yamelala chini, yote saizi moja, la tajiri na la maskini. Mke wangu amekua na kilima hicho kichwani. Anakijua kama mtu anavyojua shamba la kwao, na hajawahi kukiona. Mimi kaburi langu nataka lisimame lionekane, lakini hilo ni langu. Yeye alitaka kukiona kile kilima, na magoti yake yalikuwa yameanza kugoma. Hakuna aliyelitamka, ila sote tulijua safari hii haiwezi kungoja.

"Nendeni nyie," nikasema. "Mimi nalinda nyumba."

"Ni wote au hakuna," mwanangu akasema. "Nikuache hapa peke yako mimi nikale bata Ulaya? Mtaa mzima utanisema."

Huyo ni mwanangu kweli. Kichwa kigumu amekitoa kwangu, siwezi kumlaumu.

Wa kutafuta nyumba alikuwa mkamwana. Ni mwalimu wa jiografia sekondari, ramani ndiyo kazi yake. Jioni ile alikaa jikoni na kompyuta yake, mwanangu akaiunganisha na televisheni ya sebuleni, sijui kwa hewa gani, maana waya sikuuona. Mimi nikaketi mbele ya televisheni. Zikatokea picha za nyumba za Roma, na juu ya picha mshale mweupe mdogo unatembea peke yake. Miaka yote nilikuwa namjua mkamwana wangu kwa kandambili, na kwa mbalaga, ndizi zetu, ambazo Mhehe yule alijifunza kuzipika mpaka akawapita wenye nazo. Sasa nikamjua kwa mshale. Nilipokohoa, mshale ulikimbilia pembeni ya kioo ukajibanza. Nikajua ni yeye hasa.

"Hii nyumba ina milango mingapi?" nikauliza.

"Milango?" Mwanangu akatazama picha. "Mmoja. Iko ghorofa ya tatu, baba."

"Nyingine."

Ikaja ya Viena. Maua dirishani, kitanda kama cha waziri.

"Milango?"

"Mmoja."

"Choo?"

"Kimoja, lakini safi."

"Nyingine."

"Baba, unaogopa moto?"

"Naogopa ujinga."

Mke wangu akacheka. Ikaja ya Praha, hii walikuwa wamechora ramani yake, vyumba na korido. Mshale ukatoka pembeni polepole. Ukaingia chumba kikubwa, ukatoka, ukapita koridoni, ukafika chooni, ukarudi. Ukapita tena. Ukatafuta ukutani kama mtu anayepapasa gizani kutafuta kitasa. Hapakuwa na pa kupita isipokuwa pale pale. Alikuwa ameelewa nauliza nini. Mwanangu anasifia zulia.

Hapo ndipo niliponaswa. Nikisema siendi kwa sababu ya mkeo, namtukana mtu ambaye hajanikosea tangu aingie nyumbani kwangu. Nikisema twende, namvua nguo, na mimi najivua. Nikikaa kimya, mke wangu hakioni kilima chake. Kulia ukuta, kushoto ukuta. Duarani angalau kuna kamba ya kukuvuta.

Nikajaribu njia za pembeni. "Tupange nyumba mbili mbili."

"Basi hiyo siyo safari ya familia, baba. Ni safari ya majirani."

"Kwenye treni mnipe behewa langu."

"Lugha zao hujui. Ukipitiliza kituo tutakupata wapi?"

"Makongolosi nilifika bila kuulizia njia."

"Makongolosi barabara ni moja, baba!"

Mwishowe akaja kukaa karibu yangu, akashusha sauti. "Kama ni yale mambo ya mkwe, baba, Ulaya hayapo."

"Mimi nikiwepo, yapo."

Akainuka. Nikadhani yamekwisha. Kumbe anapanga. Baada ya wiki kadhaa akasema tufanye jaribio. Iringa ilikuwa lazima tufike, kumwona mama wa mkamwana na kumkabidhi wajukuu kwa maneno. Kwa wakwe hakulaliwi, hilo hata yeye analikubali. Basi tukapange nyumba ndogo ya siku mbili, ya kisasa, kama hizo za Ulaya, tuone kama mtu atakufa.

Wao walikwenda na gari. Mimi nilipanda basi. Mwanangu akasema gari lina nafasi, nikasema napenda basi. Nilishuka Ipogolo, nikapanda bajaji mpaka juu mjini, baridi ya Iringa inanikata masikio, nikawakuta nje ya nyumba. Mwenye nyumba hayupo. Ufunguo uko kwenye kisanduku kidogo cha namba kilichopachikwa ukutani. Mwanangu anabonyeza namba anafurahi kama mtoto. "Ulaya ni hivi hivi, baba! Unafika, hakuna mtu, unafungua!" Nikamwambia nyumba ambayo hakuna mtu wa kukuambia karibu siyo nyumba, ni stoo.

Ndani mlango mmoja. Ukiingia unaangukia sebuleni, na jiko liko humo humo sebuleni, wamelitenga kwa meza tu. Vyumba viwili, choo upande wa pili. Kwenda chooni lazima ukatize sebule nzima. Madirisha yana nondo.

Usiku ule mke wangu alikuwa trafiki. "Pita," ananiambia, napita. "Subiri," nasubiri, nimeshika taulo. Akienda huku anamwambia mkamwana ingia ndani, akirudi ananiambia toka. Na magoti yale. Nilimwona anavyoshika ukuta, nikalala nimegeukia upande mwingine.

Kesho yake asubuhi nikasema natoka kwenda kutazama jiwe la Gangilonga. Mkamwana alikuwa amesema anakwenda kwao. Mwanangu na mama yake wakapanga kwenda sokoni kununua vikapu vya zawadi, maana mke wangu alisema haendi kwa Wajerumani mikono mitupu. Nilivaa viatu, nikakaa kitandani kupumzisha mgongo kidogo, mgongo ukapumzika kuliko nilivyouagiza. Niliposhtuka nikasikia mlango unafungwa na ufunguo unazunguka kwa nje. Wamedhani nyumba tupu. Nikasema afadhali, sasa naweza kutembea kama binadamu. Chai ya asubuhi ilikuwa inanidai. Nikashika kitasa cha chumba.

Bomba likafunguliwa jikoni.

Nikaganda. Nikakohoa. Bomba likafungwa.

Nimewahi kukaa chini ya ardhi na mawe yamefunga mdomo wa duara, tukasikiliza wenzetu wakichimba kutufuata. Nakumbuka nilikuwa natulia. Pale Iringa, kwenye chumba chenye mapazia ya maua, kijasho kilinitoka.

Halafu sauti, ndogo, lakini haitetemeki.

"Ukuta," ikasema, "mwambie baba nilidhani wametoka kwenda kwenye jiwe."

Sauti hiyo nilikuwa naisikia uani ikicheka na mke wangu, ikiimba nyimbo za kwaya kwenye sufuria. Haijawahi kuelekezwa kwangu. Nikasimama nikitazama ule ukuta uliopewa kazi. Nikaona haya kumwacha ukuta bila jibu.

"Ukuta, mwambie na sisi tulidhani katoka."

"Mwambie nilikuwa bafuni."

"Muulize kama ana ufunguo."

"Hana. Upo mmoja tu. Na simu ya mwanao nimeipigia, inaita hapa kwenye chaja."

"Ya mama?"

"Aliiacha Mbeya. Alisema safarini hataki kusumbuliwa."

"Nani anajenga nyumba ya mlango mmoja?"

"Watu wasio na wakwe, baba."

Ilinitoka kicheko, nikakizuia na mkono. Hapo alikuwa amemsahau ukuta akanijibu mwenyewe, na sote tulisikia.

Nikarudi kitandani. Nikabana miguu. Mtu wa umri wangu anajua, ile haja haina subira, haijui mila. Nikasimama, nikakaa, nikaangalia dirisha, nikaangalia chombo cha maua. Hapana. Sijafika huko.

"Ukuta," yule akasema, "mwambie baba nimegeukia dirishani, na kanga nimejifunika mpaka kichwani. Choo kiko mkono wa kulia. Wapite."

Kwetu mtu wa heshima anatajwa kwa wingi. Wapite, kama vile ni jeshi. Jeshi halikutoka. Nilikaa pale nikimfikiria mama yangu migombani, na mvua, na babu anapiga soga hana habari. Yeye aliweza. Mimi nishindwe na chai?

"Ukuta," akasema tena, na sasa sauti imebadilika, haina utani. "Mwambie na hili. Kila asubuhi mama anazunguka uani. Anavaa viatu vya kamba nilivyomnunulia, anatoka mlango wa nyuma, anakwenda mpaka mgomba wa mwisho, anageuka. Anafanya mazoezi ya kilima. Mwanzo nilikuwa namshika mkono. Sasa anakwenda mwenyewe. Juzi amefika ukuta wa uzio. Amesema nisiwaambie, maana wao wakijua itakuwa kama anawalazimisha."

Saa hizo za asubuhi mimi huwa barazani, mbele, naangalia malori ya Tunduma yanavyopanda. Uani sifiki. Nyuma ni kwa wanawake, mwenyewe nilipanga hivyo, na mlango nikauweka. Miezi yote mke wangu anatembea nyuma ya nyumba yangu, mita chache na kiti changu, ukuta katikati yetu niliulipia mimi.

Nikavuta blanketi la kitandani, nikajifunika kichwa chote, nikafungua mlango.

Nilikatiza sebule ile nikitazama vidole vyangu vya miguu. Nilijua yuko kushoto, kwa joto tu, kama unavyojua moto uko upande gani. Nikapata kitasa, nikaingia, nikafanya yangu. Wakati wa kurudi blanketi likanidanganya. Nikapigiza goti kwenye meza, kikombe kikaanguka, nikatukana kwa Kinyakyusa tusi ambalo mkwe hapaswi kulisikia.

"Poleni, baba," akasema. Siyo kwa ukuta.

Nikabaki nimesimama ndani ya blanketi, nimeshika goti. Ningeweza kuingia chumbani. Mlango ulikuwa hatua chache.

"Mkwe," nikasema.

"Abee."

"Hizo nyumba za mlango mmoja, umeshazishika?"

"Bado. Nilikuwa nawasubiri nyie."

"Yenye choo karibu na chumba cha wazee ipo?"

"Ipo Viena. Ya Praha nimeitafuta sana, sijaipata."

"Najua. Niliona mshale."

Nikapapasa, nikapata kiti, nikakigeuza kitazame mlango wa nje, nikakaa nimempa mgongo. Blanketi nikalishusha mabegani. Nyuma yangu nikasikia anaokota vipande vya kikombe, anawasha jiko. Sikugeuka. Jasho lilikuwa linanishuka ubavuni, na baridi yote ile ya Iringa. Baada ya muda kikombe kingine kikasukumwa juu ya meza taratibu mpaka kikagusa kiwiko changu. Chai ya tangawizi. Nikanywa.

Hivyo ndivyo walivyotukuta. Ufunguo ukazunguka, mwanangu akaingia na vikapu mikononi, akaniona mimi natazamana naye, na nyuma yangu mke wake amejifunika kanga anatazama dirisha, kila mtu na kikombe chake.

"Yesu wangu," akasema. "Mmegombana?"

"Wewe umefungia watu ndani kama kuku, halafu unauliza maswali," nikamwambia. "Toka mlangoni mama apite."

Mke wangu aliingia akishika fremu ya mlango. Akaniangalia, akaangalia mgongo wa mkamwana, akaangalia blanketi. Yeye hakuhitaji kuelezwa. Akavua viatu vyake, na kweli vilikuwa vya kamba, sijui nilikuwa naangalia nini siku zote, akasema, "Chai imebaki?"

Tulirudi Mbeya, wao na gari, mimi na basi. Asije mtu akasema mzee kaacha. Sijaacha. Uso wa mkamwana wangu sijauona mpaka leo ninapoandika haya, na milango yangu mitatu ipo na kila mtu anapita wake. Kilichobadilika ni mlango wa jikoni. Sasa jioni unaachwa wazi, kompyuta ikiwa kule na televisheni huku, na maneno yanapita bila kumsumbua mama wala ukuta.

Visa tumeshapata. Masanduku yamesimama koridoni na kila nikiyapita nahesabu milango. Roma mlango mmoja. Viena mmoja, choo karibu. Praha blanketi. Mke wangu ameambiwa najua, sasa anazunguka hata mbele ya baraza, ananipungia mkono kama mtu aliye kwenye meli.

Juzi ilikuwa zamu ya treni ya kwenda Ujerumani, ile itakayotupeleka karibu na kilima. Televisheni ikaonyesha behewa lilivyochorwa, viti kama meno.

"Baba," sauti ikatoka jikoni, "vya mstari, vya kutazama mbele, vimekwisha. Vimebaki hivi vinne. Viwili vinatazamana na viwili, meza katikati."

"Tunakaa humo saa ngapi?"

"Zaidi ya mbili."

"Dirisha linafunguka?"

"Halifunguki."

Mwanangu akanitazama. Mke wangu naye alikuwa anatazama miguu yake. Nikapiga hesabu ya magoti manne kwa manne chini ya meza ile, na nyuso. Hakuna kiti ambacho ungenipa nikapumua. Nikikaa ubavuni mwake, mabega yanagusana. Nikikaa mbele yake, ndiyo basi tena.

"Mama dirishani," nikasema. "Mkwe naye dirishani, ng'ambo. Sisi wanaume huku kwenye njia."

Mshale ukakaa juu ya kiti cha mama, kikageuka kijani. Ukaenda kwa mwanangu, kijani. Ukaenda ng'ambo dirishani, ukasita, kijani. Kikabaki kimoja, changu, ubavuni mwa mkwe. Mshale ukasimama juu yake.

Nikakohoa. Haukukimbia.